Sura ya 6: Kabla Hujaitupa Betri

Wapo watu wanaotupa betri ingali na uhai, na wapo wanaoibembeleza kwa miezi wakati ilishakufa siku nyingi. Wote wanapoteza fedha kwa kosa lilelile: hawakuuliza imekufa kwa nini. Gari likigoma kuwaka asubuhi, stata ikagonga "ka-ka-ka" na taa za dashibodi zikafifia, kauli ni moja tu: betri imekufa. Kisha mmoja anakwenda dukani kununua mpya, mwingine anatafuta chupa ya asidi, wa tatu anamgongea jirani mwenye waya za kuboosti. Kila mmoja ameshachagua dawa na ugonjwa haujulikani.

Betri inayozungumzwa hapa ni ile ya kawaida ya volti 12, ya risasi na asidi, iliyomo kwenye IST, Noah, Probox na Hilux, na hata kwenye malori, ambamo hufungwa mbili pamoja ili kupata volti 24. Betri kubwa ya gari la haibridi ni habari nyingine kabisa. Ina volti kwa mamia, na asiyefundishwa asiiguse.

Kilichomo ndani

Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza ya risasi na asidi, mwaka 1859. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, akapata njia ya kupaka sahani uji mzito wa oksidi ya risasi, na betri ikaweza kubeba umeme mwingi zaidi. Magari ya mwanzo hayakuitegemea kwa kuwaka. Dereva alisimama mbele ya injini akapiga hendeli, na hendeli ikirudi kwa kasi ilivunja mkono. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, na tangu hapo betri imekuwa na kazi moja kubwa: kutoa umeme mwingi sana kwa muda mfupi sana.

Ndani ya boksi kuna vyumba 6, yaani seli 6, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Ndiyo maana betri "ya volti 12" iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Katika kila seli zimepangwa sahani kwa zamu: chanya, iliyopakwa dayoksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na hasi, ya risasi tupu ya kijivu. Baina yake kuna vitenganishi vyembamba ili zisigusane. Zote zimezama kwenye mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki.

Betri inapotoa umeme, asidi huingia kwenye sahani, na sahani zote mbili zikaanza kugeuka kuwa kitu kimoja, salfeti ya risasi. Kimiminika kinachobaki huwa chepesi, maji yakizidi asidi. Ukichaji, mambo hurudi kinyumenyume: salfeti huyeyuka, asidi hurudi kwenye maji, sahani hurudia hali zake za awali. Hapa ndipo penye siri yote ya sura hii. Salfeti changa ni chembe ndogo laini, na chaja huiondoa bila shida. Salfeti iliyoachwa kwa majuma hukua ikawa fuwele kubwa ngumu, na fuwele hizo hazipitishi umeme wala hazikubali kurudi. Betri iliyoishiwa chaji jana ni nzima. Betri ileile ikikaa hivyo hadi mwezi ujao ni mgonjwa mahututi.

Namna nne za kufa

Namna ya kwanza ni kuishiwa chaji tu. Umeacha taa kubwa zikiwaka ukaingia harusini. Balbu mbili za wati 55 hunywa ampea 9 hivi, kwa hiyo betri ndogo ya ampea-saa 45 haitafika saa tano. Kifo hiki hurudishika, mradi usichelewe.

Ya pili ni salfeti kukomaa. Huyapata magari yaliyoegeshwa muda mrefu, na pia magari yanayotumika kila siku kwa safari fupifupi ambazo hazitoshi kuijaza betri. Hii hurudishika kwa kiasi, kutegemea umri wa ugonjwa.

Ya tatu ni ukavu. Wakati wa kuchaji, hasa chaji ikizidi, maji hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni na kupotea hewani. Kimiminika kikishuka chini ya kingo za sahani, sehemu iliyobaki wazi hukauka na kuharibika. Ukiwahi, unaokoa sehemu kubwa. Ukichelewa, sehemu ile haifanyi kazi tena hata uijaze maji mpaka shingoni.

Ya nne haina dawa. Gridi ya risasi inayoshika sahani chanya huliwa na kutu mwaka baada ya mwaka, na kile kilichopakwa juu yake hudondoka na kujikusanya chini kama tope. Siku moja tope hilo linagusanisha sahani mbili, au kiungo cha ndani kinakatika. Seli moja imekufa, na nyingine tano nzima hazina la kufanya. Betri ya namna hii mara nyingi husoma karibu volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, yaani seli tano badala ya sita.

Kwa hiyo kati ya vifo vinne, kimoja hurudishika vizuri, viwili nusunusu, na kimoja hakirudishiki. Kazi ya kwanza ni kujua ulicho nacho.

Mita husema, haidromita hufafanua

Anza kwa macho. Boksi lililovimba ubavuni, lenye ufa au linalovuja, usilichaji. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya sura hii. Kama ni zima, tazama tominali. Ungaunga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme usipite, na si mara moja mtu amenunua betri mpya kumbe ya zamani ilihitaji kusafishwa tu. Yeyusha magadi kwenye maji ya moto, mwagia hapo, yatoe povu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Magadi huua nguvu ya asidi, ila hakikisha vifuniko vya seli vimefungwa, kwa maana magadi yakiingia ndani yataua na asidi unayoihitaji.

Kisha mita. Iache betri ipumzike saa kadhaa tangu gari lizimwe au chaja itolewe, maana chaji ya juujuu hudanganya. Soma hivi:

12.6 au zaidi: imejaa.
12.4: robo tatu.
12.2: nusu.
12.0: robo.
11.9 kushuka chini: imeishiwa.

Lakini mita hujumlisha seli zote 6 na kukupa namba moja, na ndani ya namba hiyo mnaweza kufichwa mengi. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, chombo cha kweli ni haidromita: bomba la kioo lenye mpira wa kuminya juu na kielea ndani, la bei ndogo, linaloonyesha uzito wa asidi katika kila seli. Betri iliyojaa husoma 1.265 hivi. Nusu ni 1.190, na iliyoishiwa kabisa ni 1.120.

Kwenye kibanda cha kuchaji betri, tofauti ya vyombo hivi viwili huonekana waziwazi. Chukua betri mbili zilizoletwa asubuhi moja na kuwekwa juu ya benchi lililoliwa na asidi, kila moja imeandikwa kwa chaki jina la mwenyewe. Ya kwanza inasoma volti 12.0 kwenye mita. Ya pili inasoma 12.3. Mwenye betri ya pili, dereva wa Noah ya wanafunzi, anatabasamu.

"Fundi, yangu ina nafuu. Nichajie saa mbili tatu niwahi watoto."

"Subiri kwanza, kaka."

Fundi anavaa miwani, anafungua vifuniko, anaminya mpira na kuvuta. Betri ya kwanza: 1.160, 1.155, 1.160, 1.150, 1.155, 1.160. Zote ziko chini, lakini ziko chini pamoja. Anahamia ya pili: 1.240, 1.235, 1.100, 1.240, 1.240, 1.235. Anarudia seli ya tatu. Kielea kinazama vilevile, na maji yaliyopanda kwenye kioo ni ya kahawia, yenye tope.

"Hii ya tatu imekwenda, kaka. Nikikuchajia nitakula hela yako bure."

"Mbona mita imesema kumi na mbili nukta tatu?"

"Mita imejumlisha. Hebu tuipe mzigo." Anaifunga kwenye gari, dereva anapiga stata, mita inaporomoka hadi 8.

Betri iliyoonekana mbovu zaidi ndiyo iliyopona. Kanuni ya kushika ni hii: seli zote zikiwa chini kwa usawa, betri inataka kujazwa. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, na tofauti hiyo ikabaki hata baada ya kuchaji vizuri, seli hiyo imekwisha na betri imekwisha nayo.

Betri isiyo na vifuniko, ile ambayo wengi huiita betri kavu, mara nyingi ina asidi ya maji ndani vilevile, ila huwezi kuifikia. Wengine hutegemea lile jicho la kijani lililo juu yake. Jicho hilo ni haidromita ndogo iliyozamishwa kwenye seli moja tu, na haliwezi kukusimulia habari za seli nyingine tano. Betri hizi zipime kwa mita, kisha kwa mzigo: mtu apige stata wakati unatazama. Betri nzima, kwenye hewa yetu ya joto, haipaswi kushuka chini ya volti 9.6. Ikishuka hapo baada ya kuchajiwa vizuri, imechoka.

Kuifufua

Itoe betri kwenye gari. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Sababu ni spana. Bodi zima la gari limeungwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya, spana namba 10 ikagusa bodi, imefunga mzunguko wa mamia ya ampea mkononi mwako. Vua pete na saa kwa sababu hiyohiyo.

Weka betri mahali penye hewa, mbali na sigara, jiko na cheche za kuchomelea. Haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na betri ikilipuka humwaga asidi usoni. Kuwa na ndoo ya maji safi karibu. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka angalau robo saa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Fungua vifuniko utazame kina. Sahani zikiwa wazi, ongeza maji yaliyosafishwa mpaka zifunikwe tu, usijaze. Kimiminika hupanda wakati wa kuchaji, na ukijaza mapema kitafurika na kumwaga asidi. Alama ya juu utaifikia mwishoni, betri ikishajaa. Maji yawe yale yaliyosafishwa ya dukani, si ya bomba, wala ya kisima, hasa visima vya Pwani vyenye chumvi. Klorini na madini yake hula sahani, na yakishaingia hayatoki.

Sasa chaji, na chaji polepole. Kipimo cha mafundi ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ampea 5 kwa betri ya ampea-saa 50, na pungufu ya hapo kama imekaa tupu muda mrefu. Hesabu ni rahisi. Betri hiyo ikiwa na robo tu, inadai ampea-saa 38 hivi. Ongeza zinazopotea njiani, zinafika 45. Kwa ampea 5 ni saa 9, na mwishoni mwendo hupungua, kwa hiyo ni usiku mzima. Anayekuahidi betri kwa saa moja amekupa joto na povu, na robo ya mwisho haikuguswa. Robo hiyo ya mwisho ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoondoa salfeti iliyobaki.

Chaja nyingi za kisasa zina akili kupita kiasi: betri ikishuka sana, hukataa kuitambua. Iunganishe na betri nyingine nzima ya volti 12 kwa dakika chache, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Chaja ikiona volti itaanza kazi, nawe uitoe ile ya kuazima.

Betri yenye salfeti iliyokomaa hujitambulisha mapema. Volti hupanda haraka, chaja ikasema imejaa, lakini haidromita bado iko chini. Kwa betri yenye vifuniko, na hiyo tu, kuna hatua moja ya ziada: kuipandisha hadi volti 15.5 kwa umeme mdogo, ampea 2 au 3, kwa saa kadhaa, ikiwa nje ya gari. Pima kila seli kila saa. Uzito wa asidi ukiendelea kupanda, salfeti inayeyuka, endelea. Ukisimama palepale kwa vipimo vitatu mfululizo, yaliyobaki hayatatoka. Boksi likipata joto la kukufanya uondoe mkono, simamisha ipoe. Betri zilizofungwa usizipeleke huko, maana maji yakipotea hutaweza kuyarudisha.

Mwisho, iache ipumzike usiku mmoja bila kitu. Ikiamka na 12.6, imerudi. Ikiamka na 12.4, itakufikisha miezi kadhaa, anza kuweka akiba. Ikishuka chini ya 12, inajila yenyewe kwa ndani.

Dawa za mtaani

Dawa maarufu kuliko zote ni kuongeza asidi, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Kinachopotea kwenye betri ni maji. Asidi haiendi hewani. Betri ikiishiwa chaji, asidi yake imo ndani ya sahani, imejificha katika salfeti, na itatoka ukichaji. Ukimwaga nyingine juu yake, haidromita itapanda papo hapo na gari huenda likawaka siku hiyo, lakini betri ikija kuchajiwa asidi itakuwa imezidi na itakula gridi. Hali moja tu inayohalalisha asidi mpya ni betri iliyopinduka ikamwagika. Na tahadhari dukani: mara nyingi chupa ya asidi na ya maji safi hukaa rafu moja, na muuzaji huziita zote maji ya betri. Soma maandishi ya chupa.

Chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesi, husifiwa sana. Inayeyuka kwenye asidi na inaweza kuifanya betri hoi ijikongoje kidogo, lakini haiyeyushi fuwele zilizokomaa wala haishiki kile kilichokwisha kudondoka. Aspirini ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani ya betri huzaa asidi nyingine inayoitafuna risasi. Kuna pia anayegonganisha waya kwenye tominali kutazama cheche, "kuonja kama ina moto". Cheche hizo, juu ya betri iliyotoka kuchajiwa, ndizo zinazolipua.

Kuboosti kwa utaratibu

Waya nyekundu: kwanza chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya nyeusi: kwanza hasi ya betri nzima, kisha chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Muunganisho wa mwisho ndio unaotoa cheche, na cheche hiyo tunataka itokee mbali na haidrojeni. Acha gari zima lingurume dakika tano hadi kumi, ndipo upige stata. Kutoa waya ni kinyume chake. Kugeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, kunaweza kuunguza fyuzi kubwa, dayodi za alteneta na kompyuta ya gari.

Vijana wa mtaani watajitolea kusukuma. Inawezekana kwa gari la gia za mkono. Kwa gari la otomatiki, na IST, Vitz na Noah nyingi zilizopo barabarani ni otomatiki, utawachosha bure, kwani injini haizungushwi na matairi.

Gari likishawaka, usidhani mambo yamekwisha. Alteneta ni ya kuendeleza betri iliyojaa, haikutengenezwa kwa kufufua iliyoishiwa. Nusu saa ya foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na injini ikinguruma tu, haitajaza chochote cha maana. Usiku huohuo itoe ukaichaji, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Gari limewaka, limefika, shida imesahauliwa, na salfeti imeanza kukomaa.

Kuitunza

Watu hudhani betri huchoshwa na kuwasha gari. Piga hesabu. Stata ya gari dogo ikivuta ampea 150 kwa sekunde 2, imekula chini ya ampea-saa 0.1. Sasa chukua alamu, kifaa cha kufuatilia gari na kumbukumbu ya redio, vikivuta pamoja ampea 0.05 gari likiwa limezimwa, kiwango ambacho mafundi wengi hukihesabu kuwa cha kawaida. Kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, sawa na kuwasha gari zaidi ya mara kumi. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 iliyoachwa na mlango usiofungwa vizuri hula ampea-saa 10 kwa siku. Gari lililoegeshwa linaimaliza betri kimyakimya kuliko lile la teksi linalowashwa mara thelathini.

Kwa hiyo gari litakalokaa wiki tatu au zaidi, fungua hasi. Ukiweza, ichaji betri kila mwezi. Na kama betri inakufa kila baada ya siku chache bila sababu, usinunue nyingine kabla hujamwambia fundi umeme apime kinachovuta gari likiwa limezimwa. Mita huwekwa kati ya hasi na waya wake, fyuzi hutolewa moja baada ya moja, mpaka namba ishuke. Mara nyingi mkosaji ni redio au alamu iliyofungwa baadaye kwa waya za kubandika.

Pima na alteneta pia. Injini ikinguruma, tominali zisome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo betri haijazwi, huenda mkanda umelegea au brashi zimekwisha. Juu ya 15 inachemshwa, na utaliona hilo kwenye maji yanayoisha kila wiki.

Adui mkubwa wa betri za Pwani ni joto. Kanuni ya wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mambo ya ndani huongezeka kama maradufu, na kutu ya gridi ni mojawapo ya mambo hayo. Chini ya boneti, katika foleni ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, betri huokwa. Joto hufanya uharibifu, baridi huutangaza. Gari lililowaka vizuri mwaka mzima Dar hugoma asubuhi ya kwanza ya Julai kule Njombe, kwa kuwa mafuta ya injini yamekuwa mazito na betri iliyochoka haina nguvu ya kuyasukuma. Egesha kivulini, usitoe ngao ya joto iliyokuja na gari, kagua maji kila mwezi, na kaza kile kibano kinachoshikilia betri, maana mtikisiko wa barabara mbovu hudondosha kilicho kwenye sahani.

Usiigeuze pia kuwa ya nyumbani. Kabla ya sola kuenea, vijijini kwetu betri ya gari ilibebwa kwa baiskeli hadi senta kuchajiwa, ikarudi kuwasha televisheni mpaka ikaisha kabisa. Ilidumu muda mfupi, na watu wakalaumu kiwanda. Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba na nyingi kwa ajili ya mshindo mmoja. Kazi ya kutoa kidogokidogo usiku kucha inataka betri ya sola yenye sahani nene.

Siku ya kununua mpya, soma namba ya zamani. Kwenye namba ya Kijapani kama 55D23L, 55 ni daraja la uwezo, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho ni upande wa tominali. Ukileta R mahali pa L, waya hazitafika. Uliza na tarehe ya kutengenezwa, uipime papo hapo. Betri iliyokaa rafuni mwaka bila kuchajiwa imeanza kufa ingali na nailoni yake.

Ikishakufa kweli

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na ndiyo maana haikosi mnunuzi hata ikiwa mbovu vipi. Namna risasi hiyo inavyotolewa ni jambo la uhai wa watu. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na sumu ya risasi, baada ya watu kuchambua mabaki ya betri kuukuu kwenye mchanga wa mtaani. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, wakazi waliugua kwa moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikutwa na sumu ya risasi, aliongoza mapambano, akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa.

Kwa hiyo usiipasue betri uani, usimwage asidi yake mtaroni ili iwe nyepesi kubeba, wala usimwachie mtoto aiburute. Ipeleke nzima, asidi ikiwa ndani, imesimama wima. Maduka mengi hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya, na muuzaji akikuambia uimwage kwanza, tafuta mwingine. Usiku mmoja wa chaja unaweza kuokoa mwaka wa betri, na kila betri inayodumu miaka minne badala ya miwili ni betri moja isiyofika kwenye tanuri la mtaa wa mtu.